Alanis, Hole, Tori Amos au Tracy Chapman: uanze na albamu ipi kumsikia mwanamke kwenye roki?

Ukitaka kujua mashairi ya roki yamesema nini juu ya maisha ya mwanamke, majina ni mengi na muda ni mchache. Wengi huishia kwenye wimbo mmoja mmoja uliovuma, wakadhani wameshamaliza. Ulinganisho huu ni wa mtu anayetaka kukaa na albamu moja nzima, mashairi yakiwa mkononi, ila hajui ashike ipi kwanza.

Nimechagua nne, zote zimetoka ndani ya miaka saba. "Tracy Chapman" ya Tracy Chapman (1988), "Little Earthquakes" ya Tori Amos (1992), "Live Through This" ya bendi ya Hole iliyoongozwa na Courtney Love (1994), na "Jagged Little Pill" ya Alanis Morissette (1995). Wapo watakaosema Tracy si mwanaroki bali ni wa folki, na gitaa lake la akustika linawapa haki kiasi. Nimemweka kwa sababu bila yeye hizo tatu nyingine zinaacha pengo kubwa, na pengo lenyewe utaliona huko mbele.

Kilichoniongoza ni kwamba, karibu katika kila wimbo, mwanamke anayeimba humu ndiye aliyeshika kalamu, peke yake au na mwenzake. Si jambo dogo. Kabla ya hapo mwanamke alikuwa amejaa kwenye roki, lakini mara nyingi kama anayeimbwa: mrembo aliyeondoka, mchawi aliyemvunja mtu moyo, malaika asiye na njaa wala madeni. Chukua "Hound Dog". Big Mama Thornton, mwimbaji mweusi wa bluzi wa Marekani, aliurekodi mwaka 1952, ukatoka 1953. Kinywani mwake ni mwanamke anayemfukuza mwanamume kupe, mla vya bure anayekuja kunusanusa mlangoni. Elvis Presley alipouimba mwaka 1956 maneno yalikuwa yameshabadilishwa, mbwa akabaki mbwa tu. Mwanamke aliyechoka kunyonywa hayumo tena, na dunia ikacheza bila kujua kuna mtu aliyetolewa nje ya wimbo.

Vigezo nilivyotumia

Kigezo cha kwanza ni nani anasema na anamwambia nani. Kumfokea mpenzi na kujisemesha mwenyewe usiku ni mambo mawili, hata kama msemaji ni mmoja.

Cha pili ni upande gani wa maisha ya mwanamke unaoguswa, na kama mgongano uliomo unaachwa ubaki mgongano. Hiki kwangu ndicho kizito kuliko vyote. Mwanamke anaweza kumchukia mtu na kumtamani siku hiyohiyo, kumpenda mama yake na kumkimbia, kuwa na hasira na aibu kwa wakati mmoja. Shairi linalolazimisha amalize na jibu moja limemdhulumu.

Cha tatu ni maneno yenyewe: msikilizaji ambaye Kiingereza si lugha yake ya nyumbani ataambulia nini? Cha nne ni uzito, maana baadhi ya nyimbo hizi haziwekwi spika mbele ya watoto, na nyingine hazifai kusikilizwa ukiwa peke yako na jeraha bichi.

Muziki nitautaja kwa kupita tu. Hapa tunasoma mashairi.

Nani anasema, na anamwambia nani

Alanis ana mtu mbele yake. Karibu kila wimbo una "wewe" ambaye hana pa kujificha. Katika "You Oughta Know" ni mpenzi aliyemwacha akaenda kwa mwingine. Anaanza kwa kumtakia heri, halafu heri inageuka mdomoni mwake kabla ubeti haujaisha. Katika "Right Through You" ni bosi wa muziki aliyemwalika chakula cha jioni, akamkagua kwa nyuma, hata jina lake akalikosea. Mwisho wa wimbo bosi huyo anapekua majina yaliyoandikwa kwenye albamu akitafuta lake, na halimo. Ukijua kwamba Alanis alikuwa ameshatoa albamu mbili za muziki wa kucheza kwao Kanada akiwa bado binti mdogo, 1991 na 1992, na kwamba "Jagged Little Pill" ilitoka akiwa na miaka 21, unaelewa kwamba hasira hiyo haikuokotwa njiani. Halafu kuna "Perfect", ambako kibao kinageuka: anayesema sasa ni mzazi, na anayesemeshwa ni mtoto anayeambiwa, kwa sauti ya upole kabisa, kwamba atapendwa akishinda. Hakuna tusi hata moja, na ndio wimbo unaouma kuliko ule wa kufoka.

Courtney Love anasema kwa vinywa vya wanawake wengi: malkia wa urembo, mwanasesere, mama, mtoto aliyetengwa na wenzake. Jalada la albamu linakupa ufunguo kabla hujasikia noti. Msichana ametawazwa, taji kichwani, shada la maua mkononi, kinywa wazi kwa furaha au kilio, na wanja umechuruzika. Geuza nyuma ukute picha ya Courtney mwenyewe akiwa mtoto. Kati ya picha hizo mbili ndipo nyimbo zote 12 zinapoishi. Tahadhari moja: albamu ilitoka tarehe 12 Aprili 1994, wiki moja baada ya mumewe Kurt Cobain, mwimbaji wa bendi ya Nirvana, kufariki, kwa hiyo watu wengi huisikiliza kama kilio cha mjane. Sivyo. Ilirekodiwa Oktoba 1993 huko Marietta, Georgia, mume akiwa hai. Ukimsoma kama mjane utakosa anachokisema, ambacho ni juu ya kuishi ndani ya mwili unaotazamwa na kila mtu.

Tori Amos anajisemesha. Ni binti wa mchungaji wa Kimethodisti, aliyepokelewa katika chuo cha muziki cha Peabody akiwa na miaka mitano kwa kipaji cha piano. Mwaka 1988 alikuwa ametoa albamu na bendi iliyoitwa Y Kant Tori Read, ikaanguka. "Little Earthquakes" ni mtu aliyerudi kwenye kinanda chake na kuanza kuuliza kimya chake kilitoka wapi. Hata anapomtaja mwanamume, kwa kweli anamtazama yule msichana aliyekuwa akinyamaza. Katika "Silent All These Years" anajiwaza kama nguva aliyevaa suruali ya jinzi ya mpenzi, na suruali yenyewe bado ina jina la mwanamke mwingine. Tazama alichofanya: amevaa nguo ya mtu, yenye historia ya mtu, na chini ya kiuno hana hata miguu ya kuijaza. Sijui picha nyingine ya roki inayosema kwa ufupi hivyo namna mwanamke anavyoweza kuishi ndani ya maisha ya mwenzake.

Tracy Chapman ni shahidi. "Mimi" wa "Fast Car" ni mhusika anayesimulia maisha yake kwa utulivu, na "mimi" wa "Behind the Wall" ni jirani. Tracy alizaliwa Cleveland mwaka 1964, na alichokiandika ni cha mtaa: nani anafanya kazi, nani anakunywa, nani analea. Hamfokei mtu. Anaeleza kilichotokea, kisha anakuachia.

Wanasema nini juu ya kuwa mwanamke

Hapa ndipo nafasi kubwa inapostahili kwenda, na njia nzuri ya kuwalinganisha ni kutazama wanapokutana kwenye jambo moja.

Anza na lawama. Nyimbo tatu, kutoka albamu tatu, zinazungumzia mwanamke anayeshambuliwa halafu anaulizwa yeye. "Asking for It" ya Hole ina chanzo kinachojulikana: wakati wa ziara ya mwaka 1991 Courtney alijirusha kutoka jukwaani, mashabiki wakamchania nguo na kumshikashika. Kiitikio hakijibu chochote. Kinauliza yale maswali ambayo mwanamke huulizwa kituoni na mahakamani, kwamba je, alijitakia, na aliomba mara ngapi, kikiyarudia mpaka ujinga wa maswali yenyewe uonekane. "Me and a Gun" ya Tori Amos ni kisa cha kubakwa kwake mwenyewe, na anakiimba kwa sauti tupu, hata kinanda hakipo. Naye analikuta swali la nguo aliyovaa na kulijibu kwa swali. Lakini kinachobaki kichwani ni kwamba katikati ya tukio mawazo yake yanakimbilia Barbados: hajawahi kufika, kwa hiyo lazima atoke humo akiwa hai. Hakuna mwandishi anayebuni kitu kama hicho. Ni aliyekuwepo tu anayejua kwamba akili hushika jambo dogo ili mwili uendelee kupumua. Na "Across the Lines" ya Tracy Chapman inasimulia ghasia za weusi na weupe zilizozuka baada ya msichana mdogo mweusi kushambuliwa. Jina lake halijulikani na mtu, ila lawama ya mji kuwaka imemwangukia yeye.

Tatu hizo zikisikilizwa mfululizo zinafundisha kuliko hotuba. Hole inakupa hasira ya baadaye, Tori anakupa dakika yenyewe, Tracy anakupa mji mzima ukimlaumu mtoto. Alanis hana wimbo wa jambo hili kwenye albamu yake. Lake ni lile la ofisini, la mkubwa anayekula na wewe kwa macho.

Dini inawakutanisha Alanis na Tori. "Forgiven" ni malezi ya msichana wa Kikatoliki: kwaya, maungamo, na kaka zake ambao waliyafanya yao na hawakupatwa na kitu, wakati yeye alibeba hatia kana kwamba amepofuka. Angeweza kumaliza kwa kuitukana imani. Hakufanya hivyo. Anakiri kwamba wote walihitaji kitu cha kushika. Katika "Crucify" Tori anajiuliza kwa nini tunajisulubisha kila siku, na anasema hatia aliyonayo inatosha kuanzisha dini mpya. Msomaji aliyelelewa kanisani au madrasa, hasa mwanamke, atazitambua nyimbo hizi mbili haraka sana. Tori anaingia ndani zaidi kwenye namna hatia inavyogeuka tabia ya mwili. Alanis ni mkweli zaidi kuhusu kile kilichomfanya abaki.

Kwenye mwili na uzuri, Hole haina mshindani humu. "Doll Parts" ni mwanamke aliyevunjwa vipande vya mwanasesere, macho, mikono, miguu, ambaye wakati huohuo anatamani kuwa msichana mwenye keki nyingi kuliko wote. Anajua mchezo ni wa kumdhalilisha na bado anataka kuushinda. "Violet" inamwambia mtu achukue kila kitu, na huwezi kuamua kama ni kujisalimisha au ni kumtishia. Mgongano huo ndio nguvu ya albamu. Alanis ana "Mary Jane", wimbo wa rafiki kwa rafiki anayekonda na kufifia, na upole wake ni wa kweli, ila yeye yuko nje anatazama. Courtney yuko ndani.

Uzazi nao ni wa Hole. Mwaka 1992 Courtney na Cobain walipoteza kwa muda ulezi wa binti yao mchanga, baada ya makala ya jarida moja iliyozungumzia dawa za kulevya wakati wa ujauzito. "I Think That I Would Die" ni mama anayemdai mtoto wake kwa kelele zisizo na adabu, na hakuna maziwa. Katika "Plump" vyombo havioshwi. Vinatupwa kwenye kitanda cha mtoto. Nyimbo za mama mtakatifu tunazo nyingi. Za mama mwenye hofu na hasira, asiyejua kama anatosha, ni chache, na hizi ni kati ya zilizothubutu mapema. Anayejua mwanamke aliyejifungua akashindwa kumwambia mtu kwamba hana furaha ataelewa kwa nini ninazithamini.

Upande wa mzazi na mtoto, Tori ana "Winter", ambako baba anamuuliza binti lini atajipenda kama anavyopendwa naye. Iweke kando ya "Perfect" ya Alanis uone mapenzi mawili ya mzazi, moja lenye masharti na moja lisilo nayo, na bado binti wa "Winter" hajui afanye nini na upendo huo.

Sasa pengo nililolitaja. Hole, Tori na Alanis hawazungumzii sana pesa. Tracy anazungumzia karibu pesa tupu, na hapo ndipo maisha ya wanawake wengi yalipo. Tazama "Fast Car" kwa karibu. Mama ameondoka kwa sababu alitaka maisha makubwa kuliko aliyopewa. Baba ni mlevi, mwili umeshachoka. Binti anaacha shule amlee, kwa kuwa lazima mtu amlee. Anakutana na kijana mwenye gari, wanahamia mjini, yeye anakaa kwenye kaunta ya duka akipokea pesa za wateja, kijana hana kazi. Miaka inapita. Sasa ana kazi inayolipa bili zote, na mwanamume anashinda baa, anawaona marafiki kuliko wanawe. Amempata baba yake upya. Mwanzoni anasema ni lazima "tuamue", kuondoka usiku huu au kuishi na kufa hivihivi. Mwishoni maneno ni yaleyale, ila anayepaswa kuamua sasa ni "wewe", na gari ni la mwanamume kuondokea. Hakuna ubeti unaotangaza kwamba amejikomboa. Amebadilisha nafsi ya kitenzi, basi.

Mwaka 2023 Luke Combs, mwimbaji wa kantri, aliurudia wimbo huo na kuyaacha maneno kama yalivyo. Hata pale kwenye kaunta ya duka bado ni msichana. Mwaka huohuo ukampa Tracy tuzo ya wimbo wa mwaka ya chama cha muziki wa kantri Marekani, mtunzi wa kwanza mweusi kuipata. Kwangu hilo linafurahisha zaidi nikikumbuka yaliyoupata wimbo wa Big Mama Thornton.

Halafu kuna "Behind the Wall", ambao nao hauna ala. Jirani anasikia kelele za mwanamke anayepigwa usiku. Kuita polisi hakusaidii, wanachelewa kama watakuja kabisa, na wakija wanasema hawawezi kuingilia mambo ya mume na mke. Usiku wa mwisho kelele, kisha kimya, kisha gari la wagonjwa, na askari anawaomba watu watawanyike wakalale. Kisa kinaishia hapo. Sisi wa pwani tuna kitu cha kuweka kando yake: Siti binti Saad wa Zanzibar aliimba "Kijiti", kisa cha kweli cha mwanamke mjamzito aliyeuawa Unguja, muuaji akatoroka, na waliotoa ushahidi ndio wakaadhibiwa. Kati ya nyimbo hizo mbili kuna bahari na zaidi ya nusu karne, na kesi ni ileile.

Maneno: utaambulia nini?

Tracy ni mwepesi kuliko wote kueleweka. Sentensi fupi, maneno ya kila siku, kila neno linatamkwa likasikika. Aliyemaliza sekondari anaweza kufuata kisa bila karatasi.

Hole wanatumia maneno machache na kuyarudia, lakini yanapigiwa kelele juu ya magitaa, kwa hiyo soma kwanza ndipo usikilize. Alanis anabana maneno mengi kwenye mstari mmoja, mara nyingine anakanyaga silabi pasipotarajiwa, na anatumia lugha ya mazungumzo ya vijana wa Amerika Kaskazini wa miaka ya 1990. Ukiyaona yameandikwa si magumu. "Hand in My Pocket", kwa mfano, ni orodha tu ya vinyume anavyovibeba kwa pamoja, kama kufilisika na kuwa na furaha, na ni mahali pazuri pa kuanzia kumwelewa.

Tori ndiye mgumu. Anaruka kutoka picha hadi picha bila daraja, na mistari mingine haifunguki hata ukiisoma mara nyingi. Wapenzi wa mafumbo ya taarabu hawatapata shida na hilo. Wamezoea kukaa na fumbo mpaka liseme. Asiye na subira hiyo atachoka wimbo wa tatu.

Uzito kwa msikilizaji

"Tracy Chapman" ni kama dakika 36, haina matusi, lakini "Behind the Wall" si mwepesi kwa aliyekulia kwenye nyumba ya vipigo. "Live Through This" haifiki dakika 40, ina matusi, na sauti yake inachosha kwa makusudi. "Jagged Little Pill" inakaribia saa nzima. "You Oughta Know" ina lugha ya chumbani iliyo wazi, nyingine nyingi zinasikilizika mbele ya watu.

Kuhusu "Little Earthquakes" nasema kwa uzito wote: "Me and a Gun" ni wimbo wa 11 kati ya 12, na kama umepitia ubakaji, usiuache ukujie ghafla. Ujue upo, amua mwenyewe, na ukitaka uruke. Tori mwenyewe alijua anachokigusa; shirika la Marekani la kusaidia waliobakwa, RAINN, lilipoanzishwa mwaka 1994 yeye ndiye aliyekuwa msemaji wake wa kwanza. Wapo wanaosema wimbo huo uliwafungua mdomo, na wapo walioshindwa kuumaliza. Wote wana haki.

Yasiyomo

Hakuna hapa mwanamke mzee. Hakuna ukomo wa hedhi, hakuna bibi, hakuna ndoa ya miaka thelathini. Watatu kati ya wanne ni wanawake weupe wa Amerika Kaskazini, na ukiondoa Tracy, umaskini na rangi haviguswi. Dada anayesoma haya Mwanza au Mombasa asijisikie mpungufu akikuta nyimbo nzima zisizomhusu.

Uanze na ipi, kulingana na hali yako

Kama umeachwa karibuni na bado una hasira, chukua Alanis. Sikiliza "You Oughta Know" ukitaka, lakini usiishie hapo. Nenda mpaka "You Learn", ndipo jina la albamu lilipotoka.

Kama umejifungua na watu wanakupongeza kila siku na hujui kwa nini unalia, "Live Through This" itakuambia hauko peke yako, japo kwa kelele. Ikikushinda sauti, soma mashairi yake tu. Na kilio kikiendelea, mwambie mkunga au daktari wako. Wimbo hauwezi kazi hiyo.

Aliyelelewa kunyamaza, na sasa anajaribu kujua sauti yake ni ipi, aende kwa Tori Amos, aanze na "Silent All These Years" na "Winter", aache wimbo wa 11 kwa siku nyingine.

Kama unaongoza kikundi cha akina mama, au unafundisha sekondari na unataka mashairi ya kujadili darasani, Tracy Chapman ndiye salama na mwenye mengi. Gawa "Fast Car" ubeti kwa ubeti, uliza nani analipa nini katika kila ubeti, na mjadala utajiendesha. Kwa wanafunzi wa kidato cha tano na sita unaweza kuongeza "Perfect" ya Alanis. Vijana wanaosubiri matokeo ya mtihani wana mengi ya kusema juu ya wimbo huo.

Kwa mwanamume anayetaka kuelewa, ningependekeza njia mbili. Anayependa kusikiliza kisa aanze na "Behind the Wall", ajiulize yeye ni nani katika jengo lile: mpigaji, askari, au jirani aliyelala. Anayefanya kazi na wanawake chini yake aende moja kwa moja "Right Through You".

Anayetaka kuandika nyimbo zake mwenyewe asichague mmoja. Achukue jambo la lawama, azisikilize "Asking for It", "Me and a Gun" na "Across the Lines" jioni moja kama ana nguvu nazo, aone watunzi watatu walivyosimama mahali patatu tofauti, kisha atafute pake.

Na kama kinachokuzuia ni Kiingereza tu, anza na Tracy wiki hii, mashairi yakiwa mbele yako, ubeti mmoja kwa siku. Ukishazoea namna Wamarekani wanavyozungumza, hamia kwa Alanis. Hole na Tori hawaendi popote.